Mkongwe Anapobadili Jezi: Kesi ya Favre na Rodgers (Sehemu ya Pili)

Tarehe 1 Novemba 2009 Brett Favre aliingia uwanja wa Lambeau Field akiwa amevaa jezi ya zambarau. Kwa miaka 16 uwanja huohuo ulikuwa umemshangilia ndani ya jezi ya kijani ya Green Bay Packers. Siku hiyo ulimzomea tangu alipojitokeza. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alirusha pasi nne za tachidauni, wapinzani hawakudaka hata pasi yake moja, na timu yake mpya, Minnesota Vikings, ikaondoka na ushindi wa 38 kwa 26. Packers na Vikings ni watani wa jadi. Msomaji wa Dar es Salaam amfikirie nahodha wa Simba anayerudi kuifunga Simba akiwa na jezi ya Yanga, ataielewa hasira ya siku ile.

Wiki iliyopita tulieleza jinsi futiboli ya Kimarekani inavyochezwa, na kwa nini kwotabeki, yule anayepokea mpira kila shambulio linapoanza na kuamua ampe nani, ndiye anayelipwa kuliko wenzake wote. Wiki hii tunaingia kwenye ubishi ambao mashabiki wa Marekani hawauchoki. Kwotabeki mkubwa akizeeka, akaihama timu iliyomtengeneza na kwenda kumalizia kwingine, je, miaka ile ya mwisho inamwongezea heshima au inamvunjia?

Upande mmoja unasema angetundika daluga akiwa juu. Upande wa pili unasema mchezaji ana haki ya kucheza mpaka mwili ukatae, na asiyepigwa na majitu ya kilo 130 kila Jumapili asimpangie siku ya kustaafu. Wote wanamtazama mchezaji. Ukizifuata kesi zenyewe moja baada ya nyingine, hata hivyo, utaona kwamba hukumu huandikwa kwingine kabisa: kwa timu aliyoiacha, na kwa kijana aliyeachiwa kiti.

Green Bay ndiko kesi hii iliposikilizwa kwa kirefu, na kuna sababu. Ni mji wa jimbo la Wisconsin wenye watu wapatao 107,000, mdogo kuliko miji yote yenye timu ya ligi ya NFL. Packers, iliyoanzishwa mwaka 1919, haina tajiri anayeimiliki. Tangu 1923 ni mali ya wananchi walionunua hisa, na leo wenye hisa wamepita 537,000. Hisa zenyewe ni za aina yake: hazina gawio, haziuziki sokoni, na katika mauzo ya mwisho, yaliyoanza 2021, watu walitoa dola 300 kwa kila hisa wakijua fika hawatarudishiwa hata senti. Wanachopata ni cheti cha kutundika ukutani na haki ya kupiga kura kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Mtu wa namna hii akisema "timu yangu", anamaanisha hivyo hasa. Kwotabeki wake akiondoka, yeye huona amekimbiwa nyumbani kwake.

Favre alifika huko mwaka 1992 kutoka Atlanta Falcons, ambako msimu mzima alirusha pasi nne tu: hakuna iliyomfikia mwenzake, na mbili zilidakwa na wapinzani. Septemba ya mwaka huo kwotabeki wa kwanza wa Packers, Don Majkowski, aliumia kifundo cha mguu, Favre akaingia badala yake. Hakutoka tena. Kuanzia tarehe 27 Septemba 1992 alianza mechi 297 za msimu wa kawaida mfululizo, rekodi iliyokatika Desemba 2010. Mwaka 2003 alicheza akiwa amevunjika kidole gumba cha mkono wa kurushia. Mwaka huohuo, tarehe 21 Desemba, baba yake alifariki ghafla. Kesho yake usiku Favre alicheza dhidi ya Oakland Raiders, akarusha pasi za yadi 399 na tachidauni nne. Alikuwa ameshachaguliwa Mchezaji Bora wa ligi mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997, na Januari 1997 aliipa Green Bay ubingwa wa Super Bowl ulioukimbia mji huo kwa miaka 29.

Wapenzi wake walimpenda hata kwa makosa yake. Alirusha mpira mahali ambapo mwenye busara angeushika, na ndiyo maana mpaka leo anashikilia rekodi ya pasi zilizodakwa na wapinzani: 336.

Moja ya pasi hizo iliharibu mambo. Tarehe 20 Januari 2008, Lambeau, baridi ya takriban nyuzi 18 chini ya sifuri, mchezo wa kuingia Super Bowl, Packers na New York Giants wamefungana na muda wa nyongeza umeanza. Favre alirusha, Corey Webster wa Giants akadaka, na muda mfupi baadaye Giants walishinda 23 kwa 20. Machi mwaka huo alitangaza kustaafu huku akilia mbele ya kamera. Julai akasema anataka kurudi.

Meneja mkuu wa Packers, Ted Thompson, alikuwa na hesabu nyingine. Mwaka 2005, kwenye drafti, ule mgawo wa kila mwaka ambapo timu huchagua vijana kutoka vyuoni kwa zamu, alimchukua Aaron Rodgers wa California katika nafasi ya 24. Kijana huyo alikaa benchi miaka mitatu. Kiti sasa kilikuwa chake, na mkataba wake haungesubiri milele. Agosti 2008 mji uligawanyika. Rodgers, ambaye hakumkosea mtu, alizomewa na baadhi ya mashabiki kwenye mazoezi ya wazi yaliyofanywa kwa ajili ya familia, usiku uleule ambao ndege ya Favre ilitua Green Bay. Siku chache baadaye Favre aliuzwa kwa New York Jets.

Mkataba wa mauzo hayo unafundisha mengi kuliko kelele za mashabiki. Packers waliweka kifungu kwamba Jets wakithubutu kumpeleka Favre kwa Vikings, watalipa nafasi tatu za raundi ya kwanza ya drafti, fidia ambayo hakuna timu yenye akili timamu ingeitoa. Jets walianza msimu kwa ushindi mara nane katika mechi 11, kisha mkono wa Favre ukaleta shida, wakapoteza nne kati ya tano za mwisho. Alimaliza na tachidauni 22 na pasi 22 zilizodakwa. Akatangaza kustaafu tena. Jets wakamwacha huru, na mtu aliye huru hauzwi: kifungu kikabaki karatasi. Tarehe 18 Agosti 2009 Favre alisaini Minnesota.

Hapo ndipo wanaosema "angestaafu" wanapopata shida, kwa sababu msimu wake bora kwa hesabu za pasi ulikuwa huo wa uzeeni: tachidauni 33, zilizodakwa saba tu. Aliifunga Packers mara mbili, na ile ya kwanza, tarehe 5 Oktoba, ilimfanya kwotabeki wa kwanza katika historia kuzifunga timu zote 32 za ligi.

Kisha ikaja New Orleans, tarehe 24 Januari 2010. Vikings na Saints walikuwa sare, 28 kwa 28, dakika ya mwisho ikiyoyoma, na Vikings walikuwa karibu kufikia umbali wa kupiga teke la ushindi. Waliadhibiwa kwa kuwa na wachezaji 12 kwenye mkusanyiko badala ya 11, wakarudishwa nyuma yadi tano. Favre, kifundo cha mguu kimevimba, alikimbilia kulia. Mbele yake palikuwa na nafasi ya kuchukua yadi chache kwa miguu na kumwachia mpiga teke kazi. Badala yake aliurusha mpira kinyume cha mwili wake, kuelekea katikati ya uwanja, kosa ambalo makocha huwakataza watoto wa sekondari. Tracy Porter akadaka. Saints wakashinda 31 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Miaka miwili baadaye ligi ilibaini kwamba wachezaji wa ulinzi wa Saints walikuwa wakilipwa zawadi kwa kuwaumiza wapinzani, na kocha Sean Payton akafungiwa msimu mzima wa 2012. Mashabiki wa Minnesota hawajausamehe usiku ule. Wa Green Bay, tuseme ukweli, waliufurahia.

Msimu uliofuata ulikuwa wa mateso: tachidauni 11, zilizodakwa 19, na kipigo cha 31 kwa 3 kutoka kwa Packers kilichomfukuzisha kazi kocha wa Vikings kesho yake.

Sasa tazama tarehe. Favre alistaafu moja kwa moja Januari 2011. Tarehe 6 Februari 2011 Rodgers aliifunga Pittsburgh Steelers 31 kwa 25, Packers wakawa mabingwa, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali. Kuanzia siku hiyo hasira dhidi ya Favre haikuwa na kazi tena. Green Bay haikuwa imepoteza kitu kwa kumwacha, ilikuwa imepata. Julai 2015 watu wapatao 67,000 waliujaza uwanja wa Lambeau, bila mechi yoyote, ili kumwona akiingizwa katika jumba la mashujaa wa klabu na jezi namba 4 ikistaafishwa. Wengi wao bila shaka walikuwemo miongoni mwa wazomeaji wa 2009. Lau Rodgers angeshindwa, picha ya Favre akiwa na zambarau ingekuwa bado inachomwa.

Joe Montana anaunga mkono hoja hii. Aliipa San Francisco 49ers ubingwa mara nne, akapelekwa Kansas City Chiefs mwaka 1993 kwa sababu kiti chake kilikuwa kimeshachukuliwa na Steve Young. Septemba 1994 Montana aliifunga timu yake ya zamani 24 kwa 17, na kwa miezi michache Young hakuwa na amani. Januari 1995 Young akachukua Super Bowl kwa pasi sita za tachidauni. Ubishi ukaisha. Leo miaka miwili ya Montana Kansas City hutajwa kama kumbukumbu njema tu.

Ambapo aliyebaki hakushinda, ubishi hauishi. Tom Brady aliondoka New England Patriots Machi 2020 akiwa na mataji sita. Tarehe 7 Februari 2021, akiwa na miaka 43, aliifunga Kansas City Chiefs 31 kwa 9 na kuipa Tampa Bay Buccaneers ubingwa. Taji la saba. Hakuna klabu hata moja wakati huo iliyokuwa na mataji mengi ya Super Bowl kiasi hicho. Patriots nao waliteremka, hadi ushindi mara nne katika mechi 17 za msimu wa 2023, na kocha Bill Belichick akaondoka. Swali la miaka 20, nani alimbeba mwenzake kati ya kocha na kwotabeki, likapata jibu ambalo mashabiki wa Boston hawakulitaka lije kwa njia hiyo. Hawamchukii Brady, klabu imemjengea sanamu. Hasira yao ilimwelekea aliyemwachia aende.

Peyton Manning anaonekana kuipinga hoja. Indianapolis Colts haijachukua ubingwa tangu imwache Machi 2012, na bado sanamu yake imesimama nje ya uwanja wao tangu 2017. Lakini Manning hakuondoka. Alifanyiwa upasuaji wa shingo, klabu ikamwachia huru ili impe nafasi Andrew Luck, na mashabiki walijua nani aliyevunja ndoa. Akiwa na timu ya Denver alirusha tachidauni 55 mwaka 2013, rekodi ambayo haijavunjwa. Taji alilolitwaa Februari 2016 akiwa na miaka 39, hata hivyo, lilibebwa na ulinzi: msimu ule yeye alirusha tachidauni tisa, zikadakwa 17. Historia imeandika "bingwa mara mbili, na timu mbili", bila tanbihi. (Ni Colts hao hao waliomsajili mwaka 2013 Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakuwahi kucheza mchezo huu. Tutarudi kwake.)

Uzee wenyewe umebadilika. Johnny Unitas, mfalme wa Baltimore Colts, alimalizia San Diego Chargers mwaka 1973 akiwa na miaka 40, kivuli cha nafsi yake. Joe Namath, aliyeahidi ushindi wa Super Bowl Januari 1969 na kuutimiza, alimalizia Los Angeles Rams mwaka 1977 akiwa na miaka 34 na magoti yaliyokwisha. Siku zile mlinzi aliruhusiwa kumvamia kwotabeki karibu namna yoyote aliyotaka. Kanuni zimekazwa hatua kwa hatua. Septemba 2008 goti la Brady lilichanika alipovamiwa kutoka chini, na kuanzia 2009 mlinzi aliyeanguka amekatazwa kujirusha kwenye miguu ya kwotabeki. Matokeo yake ni kwamba Brady alicheza hadi miaka 45, na Desemba 2025 Philip Rivers, aliyekuwa na miaka 44 na tayari ni babu, aliitwa na Colts baada ya kukaa nje karibu miaka mitano, akaanza mechi.

Fedha nazo zina sauti. Tangu 1994 NFL ina kikomo cha matumizi ya mishahara kwa kila timu, na malipo yaliyoahidiwa mkongwe huendelea kuhesabiwa hata akiwa ameondoka. Packers walipomwachia Rodgers aende, zaidi ya dola milioni 40 za hesabu yao ya 2023 zililala kwa mtu asiyekuwepo, katika mwaka ambao kikomo kilikuwa dola milioni 224.8. Shabiki anaona mapenzi yamevunjika. Ofisini wanaona karibu moja ya tano ya bajeti.

Kwa Rodgers, historia ilijirudia kwa namna inayochekesha kidogo. Mwaka 2020 Packers walichagua kijana mwingine, Jordan Love, nafasi ya 26. Rodgers alijibu kwa kuchukua tuzo ya Mchezaji Bora mara mbili, 2020 na 2021, akafikisha nne. Miaka mitatu baada ya Love kufika, Aprili 2023, Rodgers aliuzwa. Kwa nani? Jets. Namath alimruhusu kuvaa namba yake 12 iliyostaafishwa. Rodgers akaiacha na kuchukua 8 aliyoivaa chuoni.

Tarehe 11 Septemba 2023, katika uwanja wa MetLife, New Jersey, alitoka kwa mbio akiwa ameshika bendera ya Marekani, na watu waliosubiri miaka mingi wakapiga kelele. Alicheza mashambulizi manne. Katika la nne Leonard Floyd wa Buffalo Bills alimvuta chini. Rodgers alisimama, akatazama huku na huku, akakaa chini mwenyewe kwenye nyasi bandia. Ukano wa kisigino ulikuwa umekatika. Packers nao walipata hasara, kwa sababu Jets wangewapa nafasi ya raundi ya kwanza endapo tu angecheza asilimia 65 ya mashambulizi ya msimu. Wakapata ya raundi ya pili.

Msimu wa 2024 Jets walishinda mechi tano na kupoteza 12, kocha na meneja mkuu wakafukuzwa kabla haujaisha. Juni 2025 Rodgers alisaini Pittsburgh Steelers mkataba wa mwaka mmoja, akiwa na miaka 41. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Jets, palepale MetLife. Akarusha tachidauni nne, Steelers wakashinda 34 kwa 32. Tarehe 26 Oktoba wakaja Packers. Kama angewafunga, angejiunga na Favre na wachache wengine waliozifunga timu zote 32. Love alikamilisha pasi 20 mfululizo siku hiyo, Packers wakashinda 35 kwa 25.

Hakuzomewa kama Favre, labda kwa kuwa mechi ilikuwa Pittsburgh, labda kwa kuwa Steelers si watani. Lakini hajasamehewa bado, wala hajahukumiwa. Love ni mzuri, ubingwa hana. Akiuchukua, miaka ya Rodgers New York na Pittsburgh itageuka kichekesho cha mezani. Asipouchukua, watu wa Green Bay watazidi kuhesabu misimu aliyocheza kwao akiwa bora kuliko wote na kuambulia taji moja tu, na watatafuta wa kumlaumu.

Kwa hili lawama za Jets hazina uzito. Kasoro ya kweli katika kumbukumbu ya Rodgers iko Green Bay, kati ya 2011 na 2022, katika mechi za mtoano zilizopotea nyumbani. Hata kwa Favre, doa lililobaki halina rangi ya zambarau: ni lile la Mississippi, ambako alirudisha dola milioni 1.1 alizolipwa kutoka fedha za umma za familia maskini. Amesema hakujua zilikotoka, na hajashtakiwa kwa jinai. Septemba 2024, akitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Mashabiki wanaopima heshima yake kwa jezi alizovaa baada ya miaka 38 wanapima kitu kidogo kuliko vyote katika maisha yake.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itamfuata Daniel Adongo kutoka viwanja vya raga hadi Indianapolis.